Kuchekesha Amu bila kukimbia kichochoro: mwongozo kamili wa vichekesho vya jukwaani vyenye jambo

Amu, yaani Lamu, kuna vichochoro ambavyo punda mwenye mzigo wa mawe akiingia, mlioko mbele yake mnarudi kinyumenyume mpaka mpate kizingiti cha mtu mpande juu yake. Naanza na hilo kwa sababu mchekeshaji wa hapa hana pa kumkwepea mtu. Nairobi mtu anapanda jukwaani, anamsema mheshimiwa, anaingia kwenye teksi, basi. Hapa utamsema mtu saa tatu usiku, na baada ya sala ya alfajiri mtagongana mabega.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kusimama peke yake mbele ya watu, aseme juu ya maji, unga wa kulevya, taka, ajira au bandari, na watu wacheke kisha walale nalo. Nimefanya kazi hii kwenye nyua za harusi, kwenye mabaraza na kwenye majukwaa ya mbao zilizoazimwa kwa fundi wa majahazi. Nimeharibu mara nyingi kuliko nilivyofaulu, na humu nimeweka zaidi yale niliyoharibu.

Kabla ya yote: jua unachorithi

Usiambiwe kwamba mambo haya yameletwa na televisheni. Washairi wa Amu na wa Mvita, yaani Mombasa, walirushiana mashairi ya kejeli zama za vita vya Shela, miaka ya 1810 na kitu. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilisutana kwa nyimbo mbele ya mji mzima. Mpaka leo mwanamke akitaka kumwambia jirani neno hahitaji kufungua kinywa, anajifunga leso iliyoandikwa "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia", anapita mlangoni pake mara mbili, kazi imekwisha.

Ila kuna tofauti moja. Fumbo lina mlango wa nyuma: ukiulizwa, unasema "sikukusudia wewe". Jukwaani mlango huo haupo. Uso wako uko kwenye taa na sauti yako iko kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo hila za kijembe zichukue zote, lakini ujue kwamba hapa utaulizwa na itabidi ujibu.

Hatua ya 1: Chagua jambo dogo

Wanaoanza hutaka kusema "ufisadi". Ufisadi hauchekeshi, ni mkubwa mno na kila mtu anaafiki. Tafuta tundu lake. Usiseme afya, sema foleni ya dawa ambapo dirisha linafungwa ukibakiwa na mtu mmoja mbele yako. Usiseme mazingira, sema mfuko wa plastiki ambao punda ameula na mwenye punda anausubiri utoke kwa sababu ulikuwa na risiti.

Weka daftari. Simu pia yafaa, lakini ukitoa simu barazani watu hudhani unarekodi na huacha kusema kweli. Mimi hukaa, hunywa kahawa tungu, husikiliza, na nikifika nyumbani ndipo naandika. Kwa kila jambo jiulize maswali matatu: nani anaumia, nani anafaidika likibaki hivyo, na lile la kipuuzi ambalo sote tumelizoea mpaka hatulioni tena liko wapi. Jibu la swali la tatu ndilo kichekesho. Jibu la swali la pili ndiye utakayemlenga. Ukilijua la tatu bila la pili, utachekesha watu wakusahau kabla ya kufika nyumbani.

Hatua ya 2: Kichekesho kiwe na mguu wa kweli

Ukitia chumvi kwenye uongo umepata uongo wenye chumvi. Chukua bandari. Mradi wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa hapa Machi 2012, na viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini wakawapo. Gati ya kwanza ilianza kazi Mei 2021. Mpango ulitaja gati 32, na tatu za kwanza zimejengwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya uharibifu ulioletwa na ujenzi huo. Ukishayajua haya, kichekesho kinakuja chenyewe bila kulazimishwa:

"Bandari ilizinduliwa 2012, meli ya kwanza ikaja 2021. Miaka tisa! Mimi nilichelewa saa moja kwenye posa, mkwe akasema kijana huyu hana mipango."

Tarehe zote mbili ni za kweli, na hilo ndilo linalompa nguvu mkwe. Akisimama mtu kukupinga, huna haja ya kujitetea. Ukikosea mwaka, mjadala unahama kutoka bandarini unakuja kwako.

Hatua ya 3: Tega, fyatua, ongeza

Hapa ndipo penye kazi, nitakaa kidogo.

Kichekesho cha jukwaani ni mtego. Sehemu ya kwanza inamtembeza msikilizaji kwenye njia anayoijua. Sehemu ya pili inafyatuka kutoka upande asioutazamia. Ya tatu ni nyongeza: bado wanacheka, unawapiga tena kwa kamba ileile. Wengi hutega vizuri, hufyatua, halafu huanza mtego mpya kabisa. Hasara. Kamba ukishaifunga itumie mpaka ikatike.

Nikuonyeshe jinsi kimoja kilivyokua. Maji ya mji huu hutoka visima vya kwenye vilima vya mchanga, kule Shela, na kukatika kwake kila mtu ana hadithi. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Maji Amu ni shida, jamani. Siku tano hatuna maji na wakubwa hawajali."

Hiyo ni hotuba. Watu walitikisa kichwa kama wako matangani. Rasimu ya pili:

"Maji yamekatika siku tano, sasa naoga kwa kumbukumbu."

Walicheka, lakini kicheko hakikuwa na anwani, kama kwamba maji yalijikatia yenyewe. Ndipo nikakumbuka kwamba Kiamu chenyewe kimenitegea. Sisi "njoo" twasema "ndoo", kama "njia" ilivyo "ndia" na "njaa" ilivyo "ndaa". Rasimu ya tatu:

"Nyanya yangu amempangisha mwalimu wa bara. Siku ya kwanza akamwita kutoka chini: 'Mwalimu, ndoo!' Mwalimu mtu wa adabu, akachukua ndoo, akashuka nayo. Nyanya: 'Si hivyo, ndoo!' Akapanda, akaleta ya pili. 'Ndoo, mwanangu, ndoo!' Kufika magharibi uani kuna ndoo sita, na nyanya hajawahi kumwambia alichomwitia. Sasa maji yamekatika wiki nzima, na mtaa mzima mwenye ndoo za kutosha ni yule mwalimu. Tukaenda ofisini. Tukauliza, jamani, maji yako wapi? Tukajibiwa: 'Ndooni kesho.' Tukarudi nyumbani mbio, tukachungulia ndooni. Na mpaka leo tunachungulia."

Tazama yaliyofanyika. Mwalimu wa bara si mjinga wa hadithi, ana adabu na mwishowe ndiye anayetuzidi sote. Nyanya hajadhalilishwa. Neno ni la hapa, halitafsiriki, na mtu wa Amu akilisikia jukwaani anajiona yumo. Pigo la mwisho limetua kwenye ofisi inayosema kesho. Sikutukana mtu, lakini hakuna aliyetoka bila kujua nani ameulizwa.

Jambo la ufundi: neno linalofyatua liwe la mwisho kabisa. "Tunachungulia ndooni mpaka leo, kwa sababu kila siku wanasema kesho" imekufa. Umeshafyatua halafu unaeleza mtego. Ukisema "mpaka leo tunachungulia", nyamaza. Hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo. Kimya hicho kinatisha, najua. Usikijaze.

Anza na kujicheka mwenyewe. Mchekeshaji Mmarekani mweusi, Dick Gregory, alipopata nafasi Playboy Club ya Chicago mwaka 1961, alikuta ukumbi umejaa wazungu, wengi wao wafanyabiashara kutoka majimbo ya Kusini. Alianza kwa kujicheka, kisha akauchambua ubaguzi wenyewe mbele yao, na wakabaki kumsikiliza. Ukishajivua nguo wewe kwanza, watu hawaogopi unapoanza kuzitazama zao.

Hatua ya 4: Kipimo cha kichochoro

Kila kichekesho nakipima hivi: niko kichochoroni, kipana cha mtu mmoja na nusu, na niliyemsema anakuja mbele yangu. Je, naweza kukirudia machoni pake?

Si kwamba usiseme linalouma. Kuna ninayoweza kuyarudia mbele ya mkubwa yeyote, yakamuuma, na nikapita. Kipimo hiki kinakamata kitu kingine: vile vichekesho tunavyovisema kwa sababu tunajua mhusika hana nguvu ya kutujibu.

Nilijifunza vibaya. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kichekesho juu ya mateja, watumiaji wa unga, jinsi wanavyosimama wameinama bila kuanguka. Nikaiga. Vijana waligaragara. Katikati ya kicheko nikaona kwenye upande wa wanawake bibi mmoja ameteremsha ukaya wake usoni na kuinuka. Mwanawe alikuwa akitumia unga. Sikuwa nimemtaja, sikuwa namfikiria, lakini mji huu hauhitaji kutajiwa. Nilimkuta siku ya tatu, kichochoroni kweli, akitoka sokoni. Aliniamkua vizuri, na hilo likaniuma zaidi ya matusi.

Sikuacha kusema juu ya unga. Nilibadilisha nilipolenga. Kichekesho cha sasa ni juu yetu: mtaa ambao unajua nani amenunua samaki gani, kwa shilingi ngapi, na amepika kwa nazi au bila, lakini ukiuliza nani anauza unga, wote ghafla macho hayaoni na masikio yameziba. "Amu tunajua mpaka paka wa nani ana mimba. Lakini yule jamaa aliyejenga ghorofa tatu bila kazi? Wallahi hatujui, labda ni baraka." Hapo hucheka nusu ya watu, nusu nyingine hutazama chini. Nataka zote mbili.

Hatua ya 5: Kabila, dini, sheria

Kabila: katika kaunti hii tuko Waamu, Wabajuni, Waboni, Wasanye, Waorma, Wagiriama, na Wakikuyu na wengineo walioletwa Mpeketoni kwa mpango wa makazi wa serikali miaka ya 1970. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, kisha tukaishi na kafyu. Kichekesho cha kabila ambacho Nairobi ni mzaha mwepesi, hapa kinaweza kumkumbusha mtu msiba. Kama huna rafiki wa kabila hilo wa kukisikiliza kwanza, kiache.

Dini: mimi dini siichekeshi, nachekesha wanaoitumia. Mtu aliyechukua maikrofoni ya Maulidi akakataa kuirudisha ni halali yangu. Maulidi yenyewe si halali yangu. Ukiwa na shaka kamwulize shekhe unayemheshimu. Wa kwangu ana utani kuliko mimi, na ameshanipa mistari miwili ambayo siwezi kusema ni yake.

Sheria: Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinakupa uhuru wa kujieleza. Kifungu hichohicho kinatoa nje uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki, na kinakutaka uheshimu haki na sifa za wengine. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu kilichofanya kashfa kuwa jinai, lakini mtu bado anaweza kukushtaki kwa madai na kutaka fidia. Kwa hiyo, jina la mtu lifuatane na jambo lililo wazi kwa umma tu. Uvumi wa barazani ubaki barazani. Uhuru huu si wa zamani sana. Miaka ya tisini mwishoni kundi la wachekeshaji la Redykyulass lilipoanza kumwiga Rais Moi kwenye televisheni, watu wazima walitazama huku wakichungulia mlangoni.

Hatua ya 6: Jaribu barazani

Usipande jukwaani na kitu ambacho hujakisema kwa mdomo mara kumi. Kisimulie barazani kama habari, bila kutangaza kwamba ni kichekesho. Wakicheka, andika wamecheka wapi. Mara nyingi si pale ulipotarajia.

Jaribu kwa wanawake pia. Dada yangu ndiye mhariri wangu. Yeye huchekesha kwenye shughuli za wanawake peke yao, za harusi, ambako mimi siwezi kuingia, na ninayosimuliwa yananifanya nijione mtoto. Kule husemwa wazi mambo ambayo sisi twayazunguka: binti aliyetolewa shule aolewe, mume anayeshinda barazani akitoa mawaidha ya uchumi huku nyumbani gesi imekwisha. Dada yangu husema wanaume wachekeshaji wa Amu ni waoga, tunaisema serikali kwa sababu serikali haitupikii. Kama wewe ni mwanamke unayetaka kuanza, anzia huko. Hakuna hadhira kali zaidi.

Mara ya kwanza jipe dakika tano. Tano ni nyingi ukiwa umesimama.

Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Mahali: ua wa nyumba kubwa ni bora kuliko uwanja. Kicheko kinahitaji kuta. Mkunguni mbele ya ngome pazuri kwa macho, lakini sauti inapotea na wapita njia wanakata mtego katikati. Ukitaka uwanja wa umma au ngome, omba ruhusa mapema kwa wanaohusika, na wajulishe polisi kwa barua. Weka nakala mfukoni.

Saa: baada ya Isha, saa mbili u nusu. Ukianza mapema adhana itakukata, na utastahili. Ramadhani pumzika, au fanya baada ya tarawehe kwa muda mfupi. Kama unatarajia watu wa Shela au Manda, tazama kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kupanga siku, maana mtu anayefikiria mashua ya kurudi hacheki.

Viti: waulize akina mama wanapendelea kukaa wapi, kisha mahali hapo pawe na sauti nzuri, si nyuma ya nguzo. Nimeona maonyesho mengi ambapo nusu ya wasikilizaji wamewekwa wasikosikia, kisha mchekeshaji analalamika kwamba wanawake hawacheki.

Sauti: spika yenye betri. Stima itapotea. Na punda atalia, daima katikati ya mtego. Usishindane naye. Msubiri amalize, kisha sema, "Asante mheshimiwa, sasa turudi kwenye hoja." Sijawahi kuona ikishindwa.

Wazee watakukatiza, si kwa ubaya, bali kwa sababu hapa mtu mzima hangojei zamu. Usimjibu kama wachekeshaji wa mitandaoni wanavyowajibu watu. Jibu kwa heshima, lakini jibu. Mzee mmoja aliwahi kupaaza sauti, "Hiyo ya maji tumeisikia mwaka jana!" Nikamwambia, "Kweli ami, na mimi nangoja warekebishe nipate kuiacha." Alipigiwa makofi yeye na mimi pamoja.

Picha: kabla ya kuanza tangaza kwamba kamera inaelekea jukwaani tu. Wengi hawataki sura zao mtandaoni, na wakiona simu zimeinuliwa hawatarudi. Rekodi yako iwe nzima. Kipande cha sekunde ishirini bila mtego wake ni mfyatuko mtupu, na kinaweza kukugeuza adui wa watu uliowatetea.

Hatua ya 8: Kicheko kikiisha

Hapa wengi hutoka kwenda kula mishkaki. Wewe weka meza karibu na mlango. Usiku wa maji mimi huweka karatasi kubwa yenye siku za mwezi, na kila anayetoka anatia alama siku ambazo mtaani kwake mfereji ulikuwa mkavu. Mtu aliyecheka hutia alama kwa moyo mwepesi. Angeombwa barazani angesema "haina haja". Karatasi hiyo inapelekwa panapohusika na watu watatu wa mitaa tofauti, na mchekeshaji asiwe kati yao. Ukienda wewe wataona mchezo.

Waalike wenye ofisi, kwa jina na kwa kadi, na wawekee viti vya mbele. Baadhi hawaji. Wanaokuja hucheka kwa sauti kubwa mno wakati wa vichekesho vya wengine.

Mara ya mwisho nilipofanya kile cha ndoo, afisa mmoja anayehusika alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono kifuani. Asubuhi yake tukakutana kichochoroni, mimi na mkate, yeye na faili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mlango wa kuingilia. Akatabasamu, akasema, "Maji yatakuja Alhamisi, in shaa Allah." Nikamwuliza, "Alhamisi ipi?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akanipita.

Nilifika nyumbani nikaliandika daftarini kabla ya chai.